Ile siku walinipa kengele ya moderatere

Nitawaeleza, hata kama aibu ya ile siku iko inanichoma mpaka leo. Lakini kwanza Idjwi, kisiwa ya kwetu. Kule, tulipokuwa watoto, maman akipika kuku alimupa mumoja wetu kazi ya kugawa, na mwenye kugawa hachagui, anakula yenye inabakia (mimi nimekula shingo nyingi sana), na ndugu zangu, wale wajanja, walinisifia: "Wewe ndiye unajua kugawa!" Ningekumbuka ile shingo, singeaibika kanisani.

Sababu wakati wa Zaïre, kanisa yetu ya Kadutu, mtaa ya watu wadogo, Pasta na wenzake walitaka kuihamisha Nguba, mtaa ya mbali, kule wakubwa wanaweka magari. Muke wangu, Maman Furaha, mguu moja ilikuwa imekauka; Kadutu alifika na fimbo, Nguba hangefika. Kila mutu alijua nitasema hapana, na mimi nikianza kusema sinyamazi mbio. Bon, siku ya mukutano Pasta akasimama: "Papa Bahati awe moderatere wetu!" Makofi! Na mimi, mujinga, ndani ya abakosti, ile koti ya wakubwa, ya kuazima, nikajiona chefu, nikakubali, nikakaa mbele na kengele ya kunyamazisha watu.

Wenye kutaka Nguba wakasema weee, mpaka wakachoka. Nikasimama nijibu, Pasta akanivuta abakosti.

"Papa, moderatere hashiki upande. Ile jina tuliikuta kwa wazungu wa zamani, maana yake mwenye kutuliza, kama maji unaongeza kwa uji yenye inachemka. Si chefu. Mukutano ikiisha, jina nayo imeisha."

"Na mbona haukuniambia mbele ya kunipa kengele?"

"Haukuuliza, Papa."

Haukuuliza! Munasikia ile mutu?

Pasta akaita mikono ya wenye kutaka kubakia Kadutu. Nikanyoosha yangu, nikisahau kengele iko ndani, ikalia kanisa nzima, na watu wangu, kwa kuheshimu kengele, wakashusha mikono wakanyamaza! Mama mumoja nyuma akasema, "Moderatere anajituliza mwenyewe!" Kicheko hapo, hakuna mwenye alinyoosha tena, na Pasta akasema mbio-mbio: "Imepita, Nguba."

Maman Furaha peke yake hakucheka.

Mutu akikupa kiti wakati uko na neno kinywani, uliza kwanza ile kiti inakula nini. Nikaacha kengele juu ya kiti yangu, nikamushika muke wangu mukono.

"Moderatere, bado maombi ya kufunga mukutano!" Pasta akaita nyuma yetu.

Tukashuka polepole, na fimbo yake. Sikugeuka. Ile kanisa sijaingia tena.