Gunia Lililovishwa Buibui

Safari ile miye sikwenda, lakini nimeiota mara nyingi kuliko safari zote nilizokwenda. Ndotoni barabara huwa nyekundu na mbichi, imetoka kunyeshewa, na harufu ya karafuu imelala chini kama umande. Baba anakanyaga baiskeli. Mama yuko nyuma, kakaa upande, buibui lake limetulia kama maji ya kisima. Hakuna anayesema. Gurudumu tu ndilo linalosema, tiki, tiki, tiki, na nikiamka hubaki nalisikia.

Tulikaa Wawi, mikarafuu mbele ya nyumba na minazi nyuma. Mama hakuwa mtu wa Wawi. Alikuwa binti wa mvuvi wa Kojani, kisiwa kidogo upande wa mashariki, hufiki ila kwa chombo. Baba yake alikwisha kufa zamani, mama yake ndiye aliyebaki huko, na mwaka ule likaja neno kwamba macho ya bibi yanafunga. Mtoto wa jicho. La kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga na mtu aliye karibu sana. Aliyeleta salamu alizitoa kama alivyopewa: "Mwambieni mwanangu aje nimwone kabla sijachwewa."

Basi mama alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa haina miguu. Msimu uliopita alianguka mkarafuuni akaumia goti. Gari la abiria la shamba lilipita barabara kuu tu. Ukishuka, mpaka pwani ya kuvukia kuna mwendo mrefu wa njia ya mchanga na mawe, na goti lile halikufika hata msikitini bila kupumzika mara mbili. Hakulalamika. Ila jioni alikuwa akitoka uani, anasimama kutazama mashariki, mkono juu ya goti, kama mtu anayesikiliza.

Karafuu mwaka ule zilizaa hata matawi yakainama. Baba akasema atanunua baiskeli.

Watu wa siku zile walikuwa na sababu zao za kuchagua. Mchuuzi wa samaki alitaka keria pana na tairi nene. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitaka iliyo juu, kanzu isiburure. Aliyekuwa anaposa alitaka inayong'aa, hata kama breki hazishiki. Wajukuu zangu leo hubishana gia na wepesi, nami huwasikiliza tu, nikaendelea kuchambua mchele wangu.

Huko Chake Chake palikuwa na baiskeli mbili za kuuzwa. Ya kwanza ilikuwa ya karani mmoja aliyekuwa anahamia Unguja. Kijani, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo, gia tatu. Ya mbio, wakiiita. Kaka yangu, ambaye ndevu zilikuwa ndio kwanza zinamtoka, aliiona mara moja na hakulala tena vizuri. Sikukuu vijana walikuwa wakishindana baiskeli barabara kuu, naye alikwisha kushinda kichwani mwake.

Ya pili ilikuwa kwa fundi. Nyeusi, nzito, na ya kike, maana yake haina bomba la katikati. Alikuwa nayo mkunga mgeni aliyekwisha kuondoka kisiwani. Mnyororo wake wote umefunikwa kwa bati, na gurudumu la nyuma lina wavu wa uzi pande zote mbili, ili nguo isiingie kwenye njiti. Mwanamume mwenye heshima zake hakupanda ya kike. Hilo lilijulikana bila kuandikwa popote.

Nisiseme uongo, na miye niliitaka ile ya kijani. Ya kijani ilikuwa na bomba, na bomba ndilo kiti cha mtoto. Ya kike nisingepata pa kukaa.

Siku zile hununui chombo cha kukubeba bila kukijaribu, awe punda, iwe baiskeli. Karani akamwazima baba ya kijani siku moja. Lakini baba hakutaka kumjaribia mama mwenyewe. Mwanamke akianguka njiani mbele ya wanaume, habari hiyo haizikwi. Basi akachukua gunia, akalijaza nazi na makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, mpaka akaona uzito umefika, akamwomba mama buibui lake kuukuu, lile la kufungwa kwa kamba, akalivisha gunia na kulifunga kichwani.

Mama akatoka jikoni, akalitazama pale lilipoegemezwa ukutani.

"Ndiyo miye huyo?"

"Uzito tu," baba akasema.

"Mbona nina vigongo ubavuni?"

"Ni nazi."

"Basi toa mbili. Sijafika huko."

Baba akatoa mbili.

Tukaenda, baba, gunia na miye juu ya bomba. Asubuhi ile naikumbuka kama mtu akumbukavyo homa njema, kama ipo. Jua limepenya majani likadondoka barabarani vipande vipande, na kila nyumba ina jamvi limetandazwa karafuu, nyingine kijani, nyingine zimeanza kuwa nyekundu, nyingine nyeusi. Tulipita juu ya harufu ile kama tunaipasua. Nikafumba macho. Nilidhani tukiendelea hivi tutafika pasipo na chini.

Watu wakasalimu, kwani Pemba hupiti mtu bila salamu. "Sabalkheri Bi." Gunia kimya. "Sabalkheri Bi, za nyumbani?" Kimya. Baba yuko kilimani, pumzi zote ziko kwenye miguu, hawezi kueleza. Nyuma yetu nikasikia mzee mmoja akisema, "Kumbe mkewe ana kiburi kiasi hicho."

Tukaanza kuteremka. Pale pindo la buibui likashikwa na njiti, likaanza kuingia gurudumuni, polepole kwanza, kama mchicha mdomoni mwa mbuzi. Baba akahisi, akashika breki, na breki za ile ya kijani zilikuwa nyepesi kama yenyewe. Miye nikaangukia majani. Baba akaangukia kiwiko. Gunia likabingiria mpaka jamvini kwa watu, katikati ya karafuu zao.

"Mwanamke kaanguka."

Sijui nani alisema, lakini wanaume wote waliokuwapo wakageuka wakatazama upande wa pili. Mmoja aliyekuwa amebeba pakacha alisimama vilevile, mgongo kwetu, pakacha kichwani, hata kulishusha hakulishusha. Wanawake waliokuwa wakichambua karafuu wakaja mbio, wanafungua kanga za mabegani, wanamsitiri mwenzao. Kanga tatu, nne. Bi mmoja mtu mzima akapiga magoti akapapasa.

"Mtoto wa watu hata hapumui."

"Ni gunia, Bi," baba akasema.

"Huna haya. Umemwangusha, na matusi juu yake."

"Wallahi, Bi, ni gunia."

"Hata angekuwa kakuudhi. Mke haitwi gunia mbele za watu."

Hapo nazi moja ikatoka chini ya kanga, ikateremka jamvini taratibu, ikasimama mbele ya goti lake. Yule Bi akaitazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, bila sauti kwanza, mabega tu, na alipopata sauti wakacheka wote, na wanaume wakaruhusiwa kugeuka. Tulikaa tukaokota karafuu zao zilizomwagika, moja moja, mpaka jamvi likarudi lilivyokuwa. Baba hakucheka. Alikuwa amelishika buibui, anatazama lilivyochanika.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu, na ilifika vibaya. Jirani alimkuta mama jikoni, akamshika mkono. "Pole, mwenzangu. Tumesikia mumeo kampakia mke mwingine, na kaanguka naye."

"Kaumia?" mama akauliza.

"Wanasema hapumui."

"Hapumui tangu azaliwe," mama akasema, akapuliza moto wake.

Lakini baba alipomrudishia buibui, alilinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa limeliwa kutoka pindoni hadi magotini. Akalikunja, akalikalia. Siku ile hakutoka uani kutazama mashariki.

Ilipita wiki. Kaka akamwambia baba, mwendo ukiwa wa taratibu, nguo haishikwi. Akasema keria inaweza kupandishwa juu. Akasema mama anaweza kuvaa buibui fupi. Alikuwa na maneno mazuri, na yote yalikuwa ya kijani.

Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akaenda kwa fundi, akaazima ya kike.

Safari hii dunia nzima inajua. Kaka alijifungia chumbani. Miye nilifuata kwa miguu, mpaka mwembe wa kwanza tu, kwa sababu pa kukaa sina. Waliomkuta baba njiani walimwamkia kwanza gunia, kwa makusudi. "Sabalkheri Bi. Leo hujambo? Mbavu zimepoa?" Na mwingine, aliyekuwa juu ya ngazi mkarafuuni, akamtazama baba kwenye baiskeli ile akauliza, "Jamani, mmetoka wanawake wawili leo, mwanamume wenu mmemwacha wapi?"

"Yuko juu ya ngazi, anasema sana," baba akajibu, akapita.

Aliporudi, gunia lilikuwa limekaa vilevile alivyoondoka nalo. Mama akatoka, akalivua gunia buibui jingine lililovishwa safari hii, akalikagua pindo kwa vidole, mzunguko mzima. Vumbi tu.

"Baba, watu watacheka," kaka akasema mlangoni.

"Wacheke. Wakichoka watanyamaza. Bibi yako hawezi kungoja wanyamaze."

Akainunua. Baba yangu alikuwa mtu mkali, na sikuwahi kumsikia akimwambia mama neno laini. Lile ndilo nililolisikia, na halikuwa la maneno.

Wavu wa gurudumu ulikuwa na matundu mawili, umezeeka. Fundi alitaka kuutoa. Mama akasema uachwe. Akaomba uzi wa kushonea nyavu, akakaa chini uani, baiskeli imepinduliwa miguu juu kama mbuzi wa kuchunwa, akaanza kuuziba. Sikujua kama mama anajua kufuma wavu. Alifunga mafundo madogo madogo, anayabana kwa jino, kwa namna aliyofundishwa na baba yake Kojani akiwa mdogo kama miye, kabla hajaolewa akaja kwa watu wa mikarafuu wasiojua wavu. Akafuma mchana kutwa. Gurudumu lilizunguka kidogo kidogo mbele yake, na kivuli cha wavu kikapita usoni mwake, kikarudi, kikapita. Nikasinzia namtazama.

Wakaondoka baada ya sala ya alfajiri. Kulikuwa na mwanga wa rangi ya maziwa. Mama akapanda upande, mkono mmoja kwenye springi za kiti cha baba, maana mke hamshiki mumewe kiunoni njiani. Nilisimama. Baiskeli ikawa kubwa, ikawa ndogo, ikawa kengele tu, ikawa si kitu. Hapo ndipo ndoto yangu inapoanzia kila mara, pale nilipoachwa.

Walilala huko usiku mmoja. Nilipomuuliza mama, alinieleza huku akimenya muhogo, kwa maneno machache, nami yale machache nimeyalea mpaka leo yamekuwa mengi.

Pwani walitaka kuiacha baiskeli kwenye banda la mtu. Wavuvi wakakataa, wakaipakia mtumbwini pamoja nao, waende wakaicheke vizuri mbele ya watu. Ikavuka bahari imelala. Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Alimvuta mama mpaka uso ukagusana na uso, akamgeuza kichwa kwenye jua, huku na huku, kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini mchuuzi.

"Umekonda," akasema. "Na jino hilo limekwenda wapi?"

"Limeng'oka, mama."

"Nilikupa yote." Kisha akatazama tena, muda mrefu. "Haya. Nimekwisha kukuona."

Akauliza amefikaje na goti lile. Wakamletea baiskeli. Jicho lake halikuiona, liliona weusi tu, basi akaipapasa. Mikono ikapita kwenye usukani, kiti, keria, bila haja nayo, mpaka ikafika kwenye wavu. Hapo ikasimama. Akafuata fundo moja, akafuata la pili.

"Haya ni mafundo ya mume wangu."

"Ni yangu," mama akasema.

"Najua umeyafunga wewe. Nimesema ni ya nani."

Kabla ya msimu uliofuata, jicho la kushoto nalo lilifunga. Mama aliendelea kwenda, na kila alipokwenda bibi alipapasa uso wake, lakini hakumuuliza tena habari ya jino. Uso aliouona siku ile ndio aliobaki nao. Kaka alikuja kuipanda baiskeli ile, kwanza gizani kabla watu hawajaamka, kisha mchana, kisha akaacha kutazama nani anamtazama.

Siku waliporudi kutoka safari ile ya kwanza, jioni, niliwaona kutoka mbali, kengele kwanza, halafu weusi mdogo unaokua. Baba kaloa jasho mgongo mzima. Mama alikuwa amesinzia, paji la uso limekaribia kugusa shati lake. Na mkono haukuwa kwenye springi. Ulikuwa umeshika ukingo wa shati, kwa vidole viwili tu, kama anavyoshikwa mtu asiyetakiwa kujua. Karibu na nyumba akaamka, akauondoa.

Ndotoni hauondoi. Barabara inaendelea, mbichi, nyekundu, wavu unanong'ona juu ya gurudumu, na miye nawaona wote wawili vizuri, ingawa baiskeli ile haikuwa na pa kunikalisha.