Mgeni Rasmi na Karai la Didia

Juzi nilikuwa Didia, kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama walichorithi kwa mama zao. Hufundishana kushona, kufuga kuku na mengine mengi, na wana kanuni moja isiyo na mjadala: anayechelewa anaosha vyombo.

Mgeni rasmi, bwana mkubwa kutoka Shinyanga mjini, alitarajiwa asubuhi. Aliteremka garini alasiri, wali umeshaliwa.

"Shikamoo mama," alimwamkia mwenyekiti, bibi mwenye mvi.

"Marahaba, baba." Bibi akamwonyesha karai kwa kidevu. "Vyombo vile pale."

Bwana akacheka. Akajikuta anacheka peke yake.

Mama mmoja akamvuta bibi kanga. "Huyu ndiye wa kutupitishia ombi la mashine ya kusaga!"

"Nikimsamehe yeye, wewe kesho utakubali kuosha?"

"Mama, mimi ni mgeni rasmi," bwana akakumbusha.

"Karibu sana, baba. Sabuni ipo."

Bwana akavua koti, akampa dereva, akachuchumaa. Sufuria la kwanza likarudishwa: "Huku chini bado kuna masizi." Akasugua tena, kwa mchanga. Lilipong'aa, vigelegele vilitimua kuku wote uani.

Hotuba aliitoa mikono ikichuruzika maji. Ilikuwa fupi, na mashine ilikuwemo.

Nimeshinda juani kwenye hafla nyingi, nikiwasubiri wakubwa ambao hata pole hawakutupa. Kumbe miaka yote hiyo tulichopungukiwa ni karai tu.