Umri wa Mwanaasha

Katika Kilwa Kivinje nzima hapakuwa na mtu aliyeaminiwa kwa hesabu ya siku kama Bakary Tawakali, fundi wa kushona kanzu. Mjane akitaka kujua eda yake inakwisha lini, alituma mtu kwa Bakary. Arobaini ya marehemu, khitma ya mwaka, siku ya kuanza kufunga: kote huko neno la mwisho lilikuwa lake. Ndani ya saraka ya cherehani aliweka kitabu chenye jalada jeusi, na humo aliandika kwa herufi za Kiarabu kila aliyezaliwa na kila aliyekufa mtaani kwake, kazi aliyorithi kwa baba yake. Miaka thelathini hakukosea hata siku moja, na anayesema alikosea na alete ushahidi. Mtu kama huyo ndiye aliyekuja kuambiwa kwamba hajui umri wa mtoto wake mwenyewe.

Mtoto mwenyewe ni Mwanaasha. Mwaka ule wa hamsini na tatu alikuwa darasa la nane, na alikuwa na akili ya kuwatia aibu wakubwa zake. Huko bara palikuwa na shule moja ya wasichana iliyochukua watoto kumi na wanane tu kwa mwaka, nchi nzima. Ukitaka kuingia, ulifanya mtihani mmoja wa mwezi wa Novemba, na mtihani huo haukurudiwa. Ukianguka umeanguka. Na siku ya mosi Januari inayofuata ikikukuta umekwisha kutimiza miaka kumi na tano, jina lako halikupokewa kabisa. Nani aliyewaambia kwamba akili ya msichana huoza akifika kumi na tano, wenye shule hawakusema.

Mwalimu wake, Nikodemu, Mmwera wa Mtama, aliupanga mtihani ule kwa makini. Mwaka uliotangulia Mwanaasha angeweza kuufanya, umri ulimruhusu. Nikodemu alikataa.

"Fundi, mtihani wa mara moja hauendewi kwa kubahatisha," alimwambia Bakary. "Nipe mwaka mmoja zaidi, aive."

Bakary akampa. Mwaka mzima Mwanaasha alisoma na mwalimu kila siku baada ya sala ya alasiri, na Ramadhani ilipoingia wakahamishia masomo asubuhi, kabla kiu haijapanda kichwani. Wenzake walichezwa ngoma, wengine walikwisha kuposwa. Mashangazi wakasema maneno yao. Bakary aliwajibu kwamba binti yake ana mtihani, na atakayeleta posa kabla ya Novemba ataondoka nayo.

Baada ya Idi ikaletwa fomu. Nikodemu akaja nayo dukani, akauliza: "Januari ijayo, Mwanaasha atakuwa na miaka mingapi?"

Bakary hakuhitaji hata kufungua saraka. Alipitisha kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vyake, akasema, "Kumi na tano, na miezi miwili juu."

Mwalimu akashusha kalamu. Akatazama nje, akakohoa. "Fundi, miezi miwili ni kitu gani? Mtu husahau. Tukiandika kumi na nne, nani atajua?"

"Mungu atajua!" Bakary aliruka kutoka kitini. "Mie niwahesabie watu eda zao, halafu niongope umri wa binti yangu? Njia ya mwongo fupi, mwalimu. Andika nilivyosema."

Nikodemu akaandika kumi na tano, akaomba kimoyomoyo kwamba huko wanakosoma fomu watafumba macho. Hawakufumba. Mwishoni mwa Septemba barua ikarudi, mistari miwili tu: jina limekataliwa, umri umezidi.

Bakary aliisikiliza barua ile mkasi ukiwa mkononi, na hakuna kanzu iliyokatwa tena siku ile. Mwalimu, aliyeisoma, akaikunja. Mwanaasha hakulia. Alisimama kando ya meza ya kukatia, akauliza, "Mwalimu, mwaka wa Kizungu una siku ngapi?"

"Mia tatu sitini na tano."

"Na wetu, baba? Wa mwezi mwandamo?"

"Mia tatu hamsini na nne, kwa kawaida," alisema Bakary.

Mwanaasha akachukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya meza. Kumi na moja mara kumi na tano. Mia moja sitini na tano. "Miezi mitano na nusu," alisema. "Baba amenihesabu kwa mwezi, wao wanahesabu kwa jua. Kwa Januari yao nitakuwa na kumi na nne na miezi tisa."

Wale wanaume wawili wakatazamana. Bakary alijua tangu utoto kwamba Ramadhani huzunguka, leo kipindi cha joto, kesho kipindi cha mvua, lakini alipoulizwa miaka alijibu kama watu wote wa pwani wanavyojibu. Naye Nikodemu alikulia misheni, na haikumpitia akilini kwamba kuna mwaka mwingine. Na fomu? Fomu haikuuliza ni mwaka upi. Waliotunga swali walidhani dunia nzima ina kalenda moja, nayo ni ya kwao. Stefania wa Mtama, aliyeomba shule hiyohiyo, alipeleka karatasi ya padre ya ubatizo, na hakuna aliyemhoji. Kitabu cha padre ni ushahidi, cha Bakary ni nini? Hirizi?

Baba na binti wakapanda lori la mihogo kwenda Lindi, safari ya siku mbili kwa barabara ile, mpaka ofisi ya elimu. Karani alipokea kitabu cheusi, akakifungua kwa nyuma, akakigeuza juu chini, akakirudisha.

"Mzee, hapa tunataka cheti."

"Hicho ndicho cheti," alisema Bakary. "Jumatatu, siku ya kumi na mbili ya Mfungo Tano, mwezi wa Safar, mwaka elfu moja mia tatu hamsini na nane. Kama husomi, tafuta anayesoma."

Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, Bakary akibishana na karani kila alipopita. Mwisho Bwana Elimu mwenyewe, Mwingereza, akatoka kuuliza kelele ni za nini. Akaelezwa. Akaingia ndani, akarudi na kitabu chake kikubwa cha kalenda za mataifa, akapekua, akahesabu kwa penseli, akahesabu tena. Kisha akasema maneno kwa Kiingereza.

"Bwana anasema umesema kweli," karani akatafsiri. "Alizaliwa tarehe tatu Aprili, thelathini na tisa. Umri unafaa. Anaomba radhi kwa usumbufu."

"Alhamdulillahi," alisema Bakary. Akamgeukia Mwanaasha, lakini Mwanaasha hakuwa anacheka. Kiingereza alikisikia, na karani hakuwa amemaliza.

"Ila orodha ya majina ilifungwa Julai. Anasema umlete mwakani."

"Mwakani?" Bakary alidhani hakusikia vizuri. "Mwakani atakuwa amepita kumi na tano kwa kalenda yenu pia!"

Karani akauliza, akajibiwa. "Ni kweli, mwakani hatapokewa. Lakini yaliyopita si ndwele, mzee. Tugange yajayo."

"Yajayo yepi?" Sauti ya Bakary ilisikika mpaka barabarani. "Mwambie hivi. Mimi sikudanganya Juni, na sikudanganya leo. Angeandikwa umri wa uongo, mtihani angefanya. Kwa kuwa tumesema kweli, hafanyi. Mwambie aniambie, mtoto wangu nimfundishe nini?"

Karani akainamia makaratasi yake, asitafsiri. Akatafuta wino, akatafuta muhuri, akatafuta kila kitu isipokuwa maneno.

Mwanaasha akasimama. Akayatafsiri yeye, taratibu, neno kwa neno, bila kupunguza lolote wala kulainisha. Bwana Elimu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba Kiingereza chake ni kizuri sana, na akamwita mtu aliyefuata kwenye benchi.