Kirusi cha fundi asiyetaka kukosea

Saa saba kamili mchana king'ora cha karakana kinalia na mashine zinanyamaza moja baada ya moja. Wafanyakazi wanavua glavu, wananawa mikono na kutoka kwenda kula. Mmoja anabaki.

Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, kisha anafungua droo ya vifaa na kutoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mna kadi themanini alizozikata kutoka kwenye maboksi ya vipuri. Upande mmoja wa kila kadi ameandika neno la Kirusi, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Anazisoma kwa kunong'ona, midomo ikimchezacheza.

"Mganga wetu kaanza," anasema mchomeleaji mmoja akipita na kopo lake la chakula. "Fundi, mwisho utatushushia mvua humu ndani."

"Kale wewe," anajibiwa bila kuinuliwa macho.

Karakanani wanamwita Kipimo. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia akikereza vyuma: shafti za pampu za maji, bushi zinazozishikilia, na kila kinachotakiwa kuwa duara na kuwa sawasawa. Jina alilipata kwa tabia ya kupima kila kipuri mara tatu kabla ya kukikabidhi. Kumbukumbu za karakana zinaonyesha kuwa katika miaka sita iliyopita amerudishiwa vipuri viwili tu.

Mwaka juzi kampuni iliagiza mashine mbili mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta. Kiwanda kilichoziunda kilitoa nafasi moja ya mafunzo ya miezi kumi huko huko kwao, na masomo yote ni kwa Kirusi. Anayetaka kwenda lazima kwanza afaulu mtihani wa lugha wa ngazi ya msingi, kwa alama sitini kati ya mia.

Mafundi wanne walianza darasa. Mmoja aliacha wiki ya pili, alipoelezwa kuwa herufi zilikuwa sehemu rahisi. Wawili waliacha kabla ya mwezi wa nne. Kipimo akabaki peke yake.

Si kwamba alikuwa na hamu ya safari. Meneja aliwaeleza bila kuzunguka kuwa mashine za zamani zitaondolewa mwisho wa mwaka. Atakayefunzwa ataendesha hizo mpya na kuwafundisha wenzake. Asipopatikana mtu hapo, nafasi itakwenda kwenye karakana nyingine ya kampuni, na mashine zitaifuata. Kipimo angehamishiwa stoo.

"Kugawa nati na kutia sahihi," anasema. "Stoo si pabaya, mtu anakaa kivulini. Lakini mikono hii ningeipeleka wapi?"

Mtihani unaruhusiwa kufanywa mara tatu. Mara ya kwanza alipata arobaini na moja. Mara ya pili, hamsini na mbili.

Darasa liko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ofisi, katika chumba chenye madawati tisa na feni inayozunguka ikikumbuka. Kipimo huingia humo jioni tatu kwa wiki, akitoka moja kwa moja kazini. Kwa miezi kumi na minne amekaa kwenye dawati lake saa zipatazo mia tatu na sitini. Nyumbani huamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi ya daftari kabla ya kwenda kazini.

Ada inalipwa na kampuni. Alichopoteza yeye ni kazi za ziada za jioni, ambazo zilikuwa karibu robo ya kipato chake. Pengo hilo analiziba mkewe kwa kushona sare za shule.

Mwalimu wao ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mstaafu wa idara ya madini, aliyesoma kwa Kirusi miaka sita ujanani. Wanafunzi wengine ni vijana wanaokwenda kusomea fani mbalimbali. Aliye jirani wa Kipimo ni binti wa miaka kumi na tisa anayetaka kusomea udaktari, na darasa zima limeshampa cheo hicho kabla ya wakati wake.

Ukimuuliza Kipimo ugumu uko wapi, haanzi na herufi. Anaanza na mkia.

"Sisi mambo yetu yako mbele," anaeleza. "Mtu, watu. Kitu, vitu. Ukisikia mwanzo wa neno umeshajua unakokwenda. Wao wanakuacha utembee na neno mpaka mwisho, ndipo wanakugeuzia mkia. Na mkia wenyewe una sura sita."

Sura hizo sita ni mabadiliko ya mwisho wa jina kulingana na kazi yake katika sentensi: mtendaji, mtendwa, mwenye mali, mpewa, kifaa cha kutendea, na mahali au jambo linalozungumziwa. Juu ya hapo, kila jina ni la kiume, la kike, au halina upande wowote. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngeli za Kiswahili, makundi matatu si ya kumtisha. Kinachomchosha ni kuwa yanaingia katika zile sura sita, kisha wingi nao unaingia juu yake.

"Mashine ni mume," anasema mkewe, ambaye humshikia kadi jioni huku cherehani ikisubiri. "Kipuri ni mke. Mafuta si mume wala si mke. Nikamwambia, baba watoto, hayo mafuta yana busara kuliko sisi wote."

Namba ndizo zilizomuudhi zaidi, kwa sababu namba alidhani ni nyumbani kwake. Milimita moja ina mkia wake. Mbili mpaka nne zina mwingine. Kuanzia tano mkia unabadilika tena, na ukifika ishirini na moja unarudi kwenye ule wa moja.

"Chuma hakifanyi hivyo," anasema.

Baada ya kushindwa mara ya pili alikaa wiki mbili bila kukanyaga darasani. Aliporudi, Mwalimu alikuwa ameshakwenda ofisi ya mitihani kuomba kuiona karatasi yake. Alichokikuta huko hakukitarajia.

Sehemu ya maandishi ilikuwa na sentensi thelathini za kujaza. Kipimo alijaza kumi na tisa, na zote kumi na tisa zilikuwa sahihi. Kumi na moja aliziacha wazi. Katika mazungumzo ya dakika kumi alitamka sentensi saba, nazo hazikuwa na kasoro. Chini ya fomu mtahini aliandika maneno machache: hakosei, lakini haongei.

"Nimefundisha wanaokosea kila neno," anasema Mwalimu. "Wanaokataa kukosea sikuwahi kuwapata. Nikajiuliza, huyu mtu huko kazini anafanyaje?"

Akaenda kutazama. Siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, aliingia karakanani amevaa kofia ngumu ya wageni na kusimama nyuma ya mstari wa manjano. Kipimo alikuwa anafunga kipande cha chuma kitakachokuwa shafti. Akawasha mashine, akasogeza kisu, na nyuzi za chuma zikaanza kujikunja na kuanguka. Kipande kilibaki na mikwaruzo kama kimetafunwa.

"Mbona kibaya hivyo?" Mwalimu aliuliza. "Si ungekata moja kwa moja kwenye kipimo chake?"

Wenzake waliokuwa karibu wanakumbuka kuwa Kipimo alicheka, jambo ambalo si la kila siku.

"Ukienda moja kwa moja unakiua, Mwalimu. Kata ya kwanza ni ya kukaribia tu. Unaacha nyama, chuma cha ziada, unapima, ndipo unamalizia."

"Kwa hiyo kata ya kwanza ni mbaya na wewe huoni haya?"

"Haya ya nini? Hiyo si kazi bado."

"Basi niambie, fundi. Kirusi kwa nini unakitaka kitoke kimeng'aa kwenye kata ya kwanza?"

Kipimo alizima mashine.

"Kwenye chuma nyama ipo," alisema. "Mdomoni neno likitoka limetoka. Halirudishwi."

"Likitoka bovu, litoe la pili. Mtahini hashiki maikromita."

Kuanzia jioni ile akapewa adhabu, na yeye mwenyewe analitumia neno hilo hilo. Kila mwanzo wa kipindi alisimama mbele ya darasa na kuzungumza Kirusi dakika tano bila kunyamaza. Daktari mtarajiwa alipewa kazi ya kuhesabu makosa. Akinyamaza zaidi ya sekunde tatu, anaanza upya.

Siku ya kwanza alianza upya mara nne.

"Makosa sitini na matatu, mzee!" binti alitangaza. "Umempita hata yule anayelala dawati la nyuma."

"Usinitajie, mwanangu. Andika tu."

"Nikuandikie na yale ya kusema gari linatembea kwa miguu?"

Hilo nalo lina kisa. Kirusi kina kitenzi kimoja cha kwenda kwa miguu na kingine cha kwenda kwa chombo, na kila kimoja kina ndugu yake wa safari ya kwenda na kurudi. Kipimo, aliyezoea kuwa kwenda ni kwenda, alilitembeza lori la karakana kwa miguu kutoka bohari hadi mtoni. Darasa lilicheka mpaka feni ikasikika ndogo. Yeye alimaliza dakika zake, akaketi.

"Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kubeba vyuma," anasema. "Kubeba kunachosha mgongo. Kule nilichoka uso."

Mkewe anasema zilipita wiki tatu ambazo mumewe alikuwa akilala na ovaroli. "Nikamwambia, acha. Wa stoo nao ni watu. Akaniuliza, ningekuambia uache cherehani ungekubali? Nikamshikia kadi."

Makosa yalipungua polepole: hamsini na manane, arobaini na tisa, hamsini na moja, thelathini na sita. Hayakufika chini ya thelathini hata siku moja. Mwalimu anasema hakulenga yapungue. Alichokuwa anahesabu yeye, pembeni, ni sentensi. Hizo zilipanda kutoka kumi na mbili hadi arobaini na nne.

Mtihani wa tatu ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi baridi wenye harufu ya rangi mpya. Watahiniwa walikuwa ishirini na wanane. Kipimo alikuwa mkubwa kwao wote, na msimamizi alimdhania mzazi akamwelekeza benchi la nje.

Sehemu ya maandishi alijaza nafasi zote. Anakiri kuwa kama kumi alizijaza kwa kubahatisha, na kwamba kalamu ilikuwa nzito. Kwenye mazungumzo, mtahini alimtaka aeleze kazi yake. Akaanza na pampu. Alisema pampu tano kwa mkia wa pampu mbili, akalisikia kosa likitoka, akasita. Kisha akalisema neno upya na kuendelea. Dakika kumi zilipokwisha alikuwa katikati ya kueleza jinsi bushi inavyoliwa na mchanga, na mtahini alimwacha dakika moja zaidi amalize.

Matokeo yalitoka siku ya tisa. Meneja alimwita ofisini na kumpa karatasi. Sitini na saba.

Wenzake walitegemea shangwe. Kipimo aliisoma karatasi mbele na nyuma, akauliza kama anaweza kurudishiwa majibu yake aone alikosea wapi. Aliambiwa zinazoonyeshwa ni karatasi za walioshindwa tu.

"Hizo thelathini na tatu nilizokosa sizijui," anasema. "Zinanikera mpaka leo. Lakini nilizikabidhi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Anaondoka baada ya wiki tano. Mashine za zamani, zilizokuwa ziondolewe mwisho wa mwaka, zitaendelea kufanya kazi hadi atakaporudi. Hilo meneja ameliweka kwenye maandishi. Mkewe atabaki na cherehani na watoto wawili walio shuleni, na dada yake Kipimo atahamia kwao kusaidia. Kuhusu uchovu, Kipimo hana maneno mengi. Anasema huko anakokwenda atakuwa mwanafunzi kuanzia asubuhi mpaka jioni, miongoni mwa watu wanaoongea haraka, na kwamba hajui kama kichwa chake kina nafasi iliyobaki.

Mpango wake, hata hivyo, upo tayari. Mashine mpya zimekuja na kitabu cha maelekezo cha kurasa mia mbili na kumi na mbili, chote kwa Kirusi. Kwa sasa kimefungiwa kabatini kwa meneja, kwa kuwa hakuna wa kukifungua. Kipimo amekiomba asafiri nacho. Anataka kukiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila siku ya darasa, na kukiacha juu ya mashine atakaporudi, mahali ambapo mkono wowote utakifikia.

"Mimi nimeingia kwa mlango mgumu, na sijutii," anasema, akizirudisha kadi kwenye mfuko wake huku king'ora cha saa nane kikilia. "Ila atakayekuja baada yangu asianze na herufi. Aanze na mashine."