Kengele ya Baba Kule Buger

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda sokoni tu naaga kama naenda Ulaya. Miaka ya sabini tulipokuwa tukiishi Buger, na shule ikiwa ng'ambo ya korongo, nilistahili kuchapwa kila asubuhi kwa kuchelewa. Sikuchapwa hata siku moja. Nikiibuka tu korongoni, kengele inalia. Nikajiona mwenye bahati, nikawacheka waliokuwa nyuma yangu.

Mpiga kengele alikuwa Baba, mlinzi wa shule. Kengele yenyewe ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa mtini.

"Mama," ananiambia nikipita nahema, "leo umeagana na kuku wote?"

Siku moja akarudi nyumbani ameachishwa kazi. Nikamtania, "Baba, hata kupiga chuma kumekushinda?" Akacheka, akasema mkono umechoka.

Baadaye watu walihamishiwa kando ya barabara, shule mpya ikajengwa huko, na jengo la zamani wakapewa waumini. Likawa kanisa. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikajifungia Karatu na cherehani yangu.

Baba alipofariki, mzee wa kanisa, aliyekuwa mwalimu wetu, aliniambia msibani, "Baba yako alikuwa anapanda kwenye lile jiwe la pale shuleni, anatazama korongo. Hapigi kengele mpaka akuone. Mkaguzi akaja, saa mbili ikapita, Baba yako bado yuko juu ya jiwe. Kazi ikaishia hapo."

Jumapili ya kumwombea Baba, niliapa kufika kabla ya kengele. Nililala nyumbani kwa Baba, nikaamka alfajiri. Kisha nikarudi mara mbili kuangalia kama nimezima moto jikoni. Nilikuwa bado chini korongoni ringi lilipolia. Nikainua macho. Juu ya jiwe hapakuwa na mtu. Nikakaa chini nikalia, nikazidi kuchelewa.

Nilipoingia, kanisa zima likageuka. Ubao wetu ulikuwa bado ukutani, umeandikwa namba za nyimbo. Nikajibana kwenye dawati la nyuma, magoti hayaingii. Walikuwa wameshamwombea Baba.

Baada ya ibada mzee alinifuata mlangoni. "Nilisema tukungoje kidogo, mwanangu. Mchungaji akasema saa imefika."

Nikamjibu mzee kwamba mchungaji amefanya vyema. Kuningoja mimi kulishamkosesha mtu kazi.