Shimo Lililokula Sukuma za Mama

Enzi zetu, kama ulisoma shule yoyote upande huu wa Nakuru unaoelekea Njoro, kubeba ulikujua. Asubuhi ulibeba maji ya kumwagilia maua ya shule, Ijumaa ulibeba mavi ya ng'ombe ya kupaka sakafu ya darasa, na ukifika nyumbani unatumwa kuni kabla hujavua sare. Watoto wa siku hizi wakibeba simu na chaja wanalalamika mgongo. Nayasema haya mapema ili ukisikia tulivyojaza shimo usidhani ninaongeza chumvi.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na bustani ya Mama. Baba alikuwa na mahindi yake kule chini, lakini bustani ile ilikuwa ya Mama, na kuku aliyethubutu kuingia humo alijitafutia balaa. Palikuwa na sukuma wiki, managu, vitunguu, dania iliyojiotea karibu na tangi, na mti wa matunda damu ambao mimi na kaka yangu Njoroge tuliuvamia kabla matunda hayajashika rangi. Udongo wetu mnaujua, ule mwepesi kama unga, ukitembea wakati wa kiangazi vumbi linakupanda hadi magotini. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, hapo kando, sisi wawili na Chebet wa jirani, mpaka tunuse vitunguu vikikaangwa. Hapo mchezo ulikwisha bila mtu kuuambia ukwishe.

Basi mwaka mmoja mvua ndefu zilinyesha karibu wiki nzima bila kupumua. Asubuhi zilipokatika Mama alinituma sukuma. Nikarudi na karai tupu nikamwambia sukuma hazipo. Alidhani ng'ombe wa kina Chebet wamevunja ua, akatoka na mwiko mkononi akiwa na maneno yake tayari, kisha akaushusha mwiko. Pale palipokuwa na sukuma palikuwa na shimo jeusi, kingo zake zimekatika wima kama keki. Njoroge alitupa jiwe ndani. Tulisikiliza, na hatukulisikia likitua.

Habari zikaenea, na kwetu kukawa kama sokoni. Mzee mmoja alisema ni kisima cha yule mzungu aliyekuwa na shamba lile zamani. Mwenzake akasema ni mahali alipozika mali yake, na wote wawili wakachungulia kwa hamu. Mtu wa ofisi alikuja na viatu visafi, akaeleza kwamba bonde letu hili lina nyufa chini kwa chini, na maji ya mvua yakizipata huondoka na udongo. Akatuonya tusisogee, akaenda zake. Pasta naye aliomba vizuri sana, akiwa amesimama mbali.

Baba alizungushia fito shimo lile, kisha jioni tukaketi kula. "Mama Njoroge, tutahama," alisema. "Leo hii shimo imekula mboga. Kesho itakula mtoto." Alikuwa na binamu kule Dundori aliyekuwa tayari kumkatia kipande cha shamba. Alitueleza viazi vya huko na maziwa ya huko, lakini mimi nilichosikia ni kwamba huko hakuna Chebet, wala bustani hii, wala mti wangu wa matunda damu. Niliweka tonge chini nikalia mbele ya wote.

Mama alimaliza tonge lake kwanza. "Mimi siendi mahali," alisema. "Shimo ni kitu ya kujazwa."

Walibishana kwa sauti ya chini, ile ya wazazi wanaodhani watoto hawasikii, wakaafikiana. Shimo lijazwe kabla ya mvua fupi. Mvua zikija na udongo ukishikilia, tunakaa. Ukizama tena, tunafunga virago, na Mama hatanung'unika.

Tangu hapo hakuna aliyeingia kwetu mikono mitupu. Tukitoka shule tulimkuta Mama mlangoni. "Jiwe lako liko wapi?" Ukisahau, ulirudi barabarani na njaa yako ukalitafute. Tulitupa kutoka nje ya fito na kushindana nani anafika mbali. Watoto wa jirani waliambiwa kati haichezwi bure, nao wakaleta yao. Shangazi alipotoka Naivasha na kitambaa kipya kichwani alibeba lake kwa leso, na pasta alilitoa jiwe kwenye mfuko wa koti huku akicheka. Baba alisema wazi kwamba haamini kazi hiyo, ila kila Jumamosi alileta mkokoteni mzima wa mawe na hakuna aliyemtuma.

Likajaa. Tukatandaza udongo na mbolea juu, na manyunyu ya kwanza yalipoanguka yakaota mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Malenge yalitambaa kila upande, nyanya zikachipuka, na katikati yakasimama mashuke machache ya ngano, maana Njoroge alikuwa akiokota mawe yake kando ya mashamba ya Njoro na kuyaleta na udongo wake. Chebet aliapa kwamba managu yote ni ya jiwe lake. Mimi nilikuwa na furaha isiyo na amani, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa bado.

Ilikuja mchana mmoja, kubwa. Baba alivaa gamboti akaenda kusimama pale nje akiangalia ardhi, nasi tukamwangalia yeye kupitia dirisha la jikoni. Mama alikuwa akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Mvua ilipopungua udongo ulikuwa umebonyea kidogo, kama kitanda kilichoamkwa. Baba akang'oa ufito, akausimika pale katikati na kuusukuma kwa nguvu zake zote. Haukuingia. Alirudi, akavua gamboti mlangoni, akaomba chai. Kuhusu Dundori hatukusikia tena. Mama alipanda migomba palepale.

Migomba hiyo ipo hadi leo. Sasa barabara ya kwetu ina lami, nyua zote zimepigwa simenti, na jiwe ambalo sisi tuliliokota popote siku hizi linaletwa na lori. Sikatai maendeleo, ila watoto wetu hawajui udongo wa kwao una tabia gani. Juzi nilimpeleka kijana wangu. Njia nzima aliniuliza kama kwa Shosho kuna WiFi.

Mvua zilikuwa zimebonyeza udongo tena kidogo chini ya migomba. Mama, mgongo umeinama lakini sauti ni ileile, alitungoja getini na kumwuliza mjukuu wake jiwe lake liko wapi. Kijana akacheka, kisha akaona mimi nimefungua mkoba na kutoa langu, akabaki akiangaza macho huku na huku kwenye lami asione hata moja.

Baba alitoka nyuma ya nyumba polepole na fimbo yake. Kwa mkono wa pili alishika jiwe, akamwekea kijana kiganjani.

"Peleka kwa migomba," alimwambia. "Hapa hakuna mtu anahama."