Mwaka wa Malimao

Meneja alituita kwenye ukumbi wa chakula baada ya wageni wawili wa mwisho kumaliza kifungua kinywa. Viti vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza, kwa hiyo tulimsikiliza tumesimama. Alisema ndege hazileti watu tena, hoteli itafungwa mwezi mmoja, labda miwili, na simu zetu ziwe hewani. Mpishi akauliza, "Na mshahara, bosi?" Meneja akatazama nje, akasema, "Nusu ya mwezi huu. Baada ya hapo tumwombe Mungu." Kisha akafungua stoo tukagawana vitu ambavyo vingeharibika. Mimi nilitoka na mchele kidogo, dumu la mafuta lililobaki nusu, na boksi la jamu, zile za vikopo vidogo vya kumtosha mgeni mmoja kwa mkate mmoja.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli hiyo ya ufukweni, Pangani. Mke wangu alikuwa msusi, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Wateja wake walianza kupungua hata kabla hoteli haijafungwa. Nani angekubali kulaza kichwa mapajani mwa mtu mchana kutwa, na redio inasema tusipeane hata mikono? Tukakubaliana turudishe chumba tulichopanga, twende kwa mama yangu Muheza, tusubiri huko.

"Mwezi mmoja," nilimwambia tukifunga godoro.

"Labda miwili," akajibu kwa sauti ya meneja, nasi tukacheka sana.

Mama alikuwa mjane. Baba, aliyekata mkonge mpaka mgongo ukakataa, alimwachia nyumba ya vyumba vitatu na ua wenye geti la mabati. Uani kulikuwa na milimao miwili, mmoja karibu na choo na mwingine pale getini. Tangu utoto wangu malimao yale yalianguka, yakaoza, tukayafagia. Huwezi kumuuzia mtu wa Muheza limau, atakucheka.

Siku ya pili mke wangu alishika matumizi ya nyumba, na Mama akamwachia bila neno. Alichukua makopo matatu ya siagi. La kwanza lilikuwa la chakula, la pili la mkaa na sabuni. La tatu alilifunga kifuniko kwa plasta ya hospitali, akaliweka juu ya kabati. Hilo lilikuwa la uzazi: glavu, vifaa, gari la kwenda hospitali kubwa ya Tanga, maana tulishapanga mtoto wetu wa kwanza azaliwe huko.

"Hili halifunguliwi mpaka uchungu unishike," alisema. "Hata mimi nikililia, msinipe."

Tukaanza kuishi kwa kubana. Sabuni ya mche aliikata vipande kwa uzi. Maharage yalilowekwa tangu jioni ili yasile mkaa. Mchele ukawa wa Jumapili. Siku nyingine tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu au kwa vidagaa vya uono, na tulikula saa kumi alasiri ili mlo mmoja ubebe mchana na usiku. Nazi moja ilikunwa nusu leo, nusu kesho, na machicha hayakutupwa. Sukari ilipopanda bei tuliikata kabisa, tukawa tunakoroga kikopo kimoja cha jamu katika birika zima la chai ya rangi. Mama alionja, akasema, "Wazungu wanakunywa hivi?" Nikamwambia hapana. "Basi tumewazidi," akasema.

Lakini kila wiki meneja alipiga simu, na kila wiki alikuwa na mwezi mwingine mdomoni. Tungefungua Juni. Si Juni, Agosti. Mke wangu aligawanya upya kila mara, na kila mara vipande vilikuwa vidogo zaidi.

Ndipo malimao yakapata bei. Watu walianza kujifukiza na kunywa maji ya limau na tangawizi asubuhi na jioni, na magari yakaja kutoka Tanga na hata Dar kutafuta malimao mashambani. Dalali mmoja alichungulia juu ya geti letu, akataja bei kwa gunia ambayo sikuwahi kuisikia hata kwa machungwa. Mke wangu akanitazama. Nikajua tayari ameshaigawa pesa ile kichwani.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Mchume ule wa chooni, muuze mpaka jani," alisema. "Huu wa getini mniachie. Watu watakuja."

Walikuja kweli. Kwanza mmoja mmoja, wakiomba mawili matatu na majani kidogo ya kufukizia. Mama aliwachumia, akawauliza hali za nyumbani. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Walisema mafua makali. Walisema kifua. Mmoja alisema tu, "Ile hali imefika kwetu," akapokea malimao yake kwenye pindo la kanga akaondoka haraka. Mimi nikiwa dirishani nilianza kujua, bila kutaka, nyumba ipi imelala na mgonjwa. Mtaa ulikuwa uleule, watoto wa shule iliyofungwa wakicheza barabarani, lakini ule ugonjwa ulikuwa unatembea mlango kwa mlango, nami niliuona unavyokaribia. Alfajiri kipaza sauti cha msikiti kilipokohoa kabla ya tangazo, mke wangu alinishika mkono tukasikiliza ni nani. Kengele ya kanisani nayo ilikuwa ikilia siku ambazo hazikuwa na ibada.

Aliyekuja kila asubuhi alikuwa jirani tuliyepakana naye ukuta, mama wa Kipemba aliyehamia Muheza na mumewe wakati wa biashara yao ya karafuu. Yeye na Mama walikuwa mashoga tangu mimi sijazaliwa. Mumewe tulimsikia. Alikohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi kikavu, kirefu, na baada yake kimya ambacho kilitufanya sote tuache kutafuna.

"Shoga, n'chumie matatu leo," alisema mama yule.

"Amelalaje?"

"Hakulala. Amekaa kitako mpaka kumekucha."

Mama alimshika mkono. Nilimwona akimshika, mikono yote miwili.

Jioni ile nilimfuata jikoni. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema."

"Tufunge geti. Tutaweka beseni la malimao nje, kila mtu achukue aende zake."

"Beseni," alirudia. "Na mtu akitaka kunieleza mumewe amelalaje, alieleze beseni?"

"Mama, mke wangu ana mimba."

"Naiona. Naiona kuliko wewe." Akapuliza mkaa. Kisha akasema, taratibu zaidi, "Akae chumba cha nyuma. Nitawapokea mimi pale getini, nimejifunga kanga mdomoni. Zaidi ya hapo sina, mwanangu."

Tukafanya hivyo. Mke wangu alikaa chumba cha nyuma.

Mzee wa Kipemba alifariki wiki iliyofuata. Tulijua kabla ya kipaza sauti, kwa sababu kikohozi kilikatika na hakikuanza tena. Mama alijitanda kanga akaenda msibani, akakaa huko na rafiki yake mpaka matanga yakaanuliwa. Aliporudi hakuingia ndani. Aliomba tumtolee mkeka na mto wake, akahamia jiko la nje.

"Ndani kuna joto," alisema.

Haikuwa miezi ya joto. Nilimtazama, naye akaniangalia kwa namna ya kunikataza swali.

Aliendelea kutupikia kutoka huko. Aliweka sufuria kizingitini akarudi nyuma, nasi tukalichukua. Siku ya tatu au ya nne alileta maharage. Mke wangu alitia tonge mdomoni, akalitoa kiganjani polepole. Nikaonja. Yalikuwa na chumvi ya kuhifadhia samaki.

Nilitoka hadi mlangoni. "Mama, maharage yamezidi chumvi."

Alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi, mgongo ukutani. "Chumvi gani?" akasema. "Nimeongeza mara mbili, hayana ladha hata kidogo." Sote tulikuwa tumeisikia redioni dalili hiyo. Alichukua limau lililokuwa karibu naye, akalikata, akalinusa. Akalinusa tena. Akaliweka chini kwa uangalifu.

Kabla wiki ile haijaisha alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Nilisema twende hospitali. Alikataa, alisema huko wanaoingia kwa miguu wanatoka kwa gari la maiti. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lilikuwa sababu hasa: "Mtalipa na nini? Lile kopo la mtoto halimhusu mtu mzima."

Mke wangu alikuwa amesimama dirishani, akisikia. Hakuniuliza. Nilisikia plasta ikibanduka, mkwaruzo mrefu. Akanipitishia kopo lote kati ya nondo za dirisha, mimba ikigusa ukuta.

"Ulisema tusikupe hata ukililia," nilimwambia.

"Sililii. Kamwite bajaji."

Kwenye hospitali ya wilaya walimpokea Mama, wakamwekea oksijeni, mimi wakanizuia nje. Nililipia dawa, nikalipia tena, nikapewa orodha nyingine. Muuguzi aliyejifunika mpaka macho alichukua chupa ya uji mlangoni bila kunitazama. Nilizunguka nyuma ya wodi nikapata dirisha ambalo pazia lake halikufika mwisho. Mama alikuwa kitanda cha pembeni, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia. Kitanda kilichoelekeana naye kilikuwa na mama mnene mwenye kilemba cha njano. Kesho yake nilipochungulia, godoro la kitanda hicho lilikuwa limekunjwa.

Nilimuuliza daktari. "Tunamsaidia kupumua," alisema. "Mengine tusubiri wote."

Sijui ni siku ya ngapi nilirudi nyumbani alasiri nikamkuta mke wangu ameshika kiuno, amejiegemeza kwenye ukuta wa jirani. Uchungu ulikuwa umeanza, wiki kadhaa kabla ya siku zake. Kopo lilikuwa tupu. Safari ya Tanga ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Nilisimama pale uani nikizungusha simu mkononi, nikijaribu kufikiria mtu wa kumpigia ambaye hakuwa na hali kama yangu.

Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Baba, uko hapo?"

Alikuwa yule mama wa Kipemba, sasa mjane. Alikuwa kwenye eda na hakutoka nje ya nyumba yake; kumbe alikuwa amesimama na mke wangu tangu mchana, ukuta katikati, akimwelekeza namna ya kupumua.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nyoosha mkono."

Nikanyoosha juu ya ukuta. Akaniwekea kiganjani fundo la kitambaa.

"Ni rambirambi za marehemu," alisema. "Mwenyewe hazimfai tena. Mpeleke zahanati, usisimame kunishukuru."

Binti yetu alizaliwa zahanati usiku huohuo, mdogo, mwenye kilio cha hasira. Mkunga alikuwa peke yake zamu nzima na barakoa yake ilikuwa imelowa. Alimkata kitovu, akampa mke wangu, akaketi sakafuni kupumzika. Sikumgusa mtoto. Nilikuwa nimetoka wodini kwa Mama, nami nilimtazama mwanangu kutoka mlangoni kama dalali alivyochungulia malimao yetu juu ya geti, kwa mbali.

Mama alirudi. Wengi hawakurudi, yeye alirudi, amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Ladha na harufu zilimrudia baada ya miezi, isipokuwa harufu ya kitu kikiungua, ambayo mpaka leo haisikii. Na pumzi haikurudi yote. Kutoka nyumbani mpaka kanisani anasimama mara nyingi, akijifanya anaamkiana na watu.

Hoteli ilinipigia mwishoni mwa mwaka, niripoti Jumatatu. Nilipiga pasi shati. Jumapili meneja akapiga tena, akasema nisubiri kidogo. Sikumjibu vibaya. Nilikwenda stendi nikaomba kazi ya kupakia machungwa kwenye malori, na kazi hiyo imenipeleka polepole mpaka nikawa na mzigo wangu mwenyewe. Tuna kiwanja Mwera, karibu na Pangani; mabati tuliyotaka kuezekea nyumba yetu pale hatujanunua. Mke wangu amesharudi kusuka, lakini hakubali oda ya harusi ya mbele zaidi ya mwezi mmoja. Anawaambia, "Njoo ikikaribia, tutaona."

Asubuhi moja ya juzijuzi tulikuwa uani sote wanne. Mama alikuwa anakatakata kisamvu, mke wangu amemsuka mteja nusu kichwa, binti yetu anakunywa uji karibu na miguu yangu. Mara mtoto akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu. Kisu cha Mama kikasimama. Mikono ya mke wangu ikasimama kichwani mwa mteja, na mteja, ambaye hatukujua amepitia nini nyumbani kwake, akajishika shavu akatulia vilevile. Tukamngoja mtoto akohoe mara ya pili.

Alikuwa amepaliwa na uji. Alijifuta mdomo kwa mkono, akaomba mwingine. Nikammiminia. Ilichukua kitambo kabla sijaanza kusikia tena kisu cha Mama juu ya ubao.